Dabo besi kwenye spika: pikapu ya darajani, maiki ya tumboni

Mara ya kwanza kuchomeka dabo besi yangu, lile gitaa kubwa la mbao linalopigwa likiwa wima, kwenye miksa ilikuwa sendoff moja pale Uyole, mwezi wa saba, baridi ile ya kupuliza vidole kabla ya kupiga. Nilikuwa nimebandika pikapu mpya darajani, yaani kwenye kile kibao kinachobeba nyuzi, waya nikauingiza kwenye tundu la kwanza nililoliona, nikadonoa uzi wa A. Spika zikatoa debe. Tak, tak, tak, kama mtu anapiga ndoo ya rangi kwa kijiti. Mshereheshaji hakunihurumia: "Mjomba wa gitaa kubwa, mbona unatukatia kuni?"

Nikailaumu pikapu. Nikaiuza, nikaagiza nyingine ya bei mara tatu, ikaja na mzigo kutoka Dar, nikaichomeka palepale. Debe lilelile. Aliyenifungua macho ni fundi redio mmoja wa Mwanjelwa, ambaye hajawahi kupiga ala yoyote maishani mwake. Aliigeuza geuza, akaipima kwa mita, akanirudishia. "Kaka, huyu mdudu wako ni mzima. Ila umemtwisha gunia la viazi."

Gunia lenyewe lilikuwa tundu la miksa. Ndiyo maana katika mwongozo huu nitakaa zaidi kwenye kinachokaa kati ya pikapu na miksa kuliko kwenye pikapu zenyewe. Watu wengi wananunua pikapu ya tatu wakati shida yao inatibika kwa vipande vya umeme visivyojaza kiganja.

Neno moja kuhusu majina. Nasema dabo besi kwa sababu ndivyo wanavyoiita wenzetu wa taarabu Zanzibar, na wao wameishi na chombo hiki muda mrefu kuliko sisi wa bara. Na pikapu ninayoizungumzia ni kile kidude cha kunasa mtetemo. Ukienda sokoni ukauliza pikapu bila maelezo, utaelekezwa kwa wenye magari ya kubeba viazi.

Unachotaka kukikuza

Nyuzi nne za dabo besi zikiwa wazi zinatetema hivi: E hezi 41, A 55, D 73, G 98. Spika nyingi za kumbi zetu, zile za inchi 12 zinazobebwa kwenye Noah, haziwezi kutoa hezi 41 kwa nguvu ya maana. Unachosikia ukipiga E ni ndugu zake wa juu, hezi 82, 123, 164 na kuendelea, na sikio linaijaza lenyewe ile ya chini. Kwa hiyo usihangaike kupandisha kitufe cha besi mpaka mwisho. Unaichosha spika kwa kitu isichokiweza.

Pili, tumbo la besi lina hewa, na hewa hiyo ina sauti yake inayoipenda, mara nyingi kati ya hezi 60 na 70. Hapo ndipo kuna noti zinazoruka zenyewe na kuzidi wenzake, na hapo ndipo spika ikikaribia sana besi huanza kunguruma bila wewe kugusa uzi. Ishike akilini, tutairudia.

Na kwa nini tukuze hata kidogo? Ukikaa sebuleni hakuna haja. Ila simama kanisani pembeni ya kwaya ya tarumbeta, na huku kwetu Wamoraviani wako tangu 1891 walipofika Rungwe, matarumbeta tunayajua. Vijana kumi na wawili wakivuta pumzi na kupuliza, besi ya mbao inabaki kuwa pambo. Kumezwa huko ni moja ya sababu Leo Fender kule Marekani alitoa besi yake ya umeme mwaka 1951. Sisi tuliobaki na mbao inabidi tujitafutie njia.

Kwanza besi yenyewe

Hakuna pikapu inayotibu besi mbovu. Kabla ya kununua chochote, fanya haya.

Tandika godoro au blanketi mbili sakafuni, ilaze besi chali. Tazama daraja kwa ubavu: upande unaotazama kishikio cha nyuzi unatakiwa usimame wima juu ya ubao, na miguu yote miwili iwe imekaa kwa ukamilifu. Ingiza kona ya karatasi chini ya kila mguu. Ikipenya, mguu haujakaa, na pikapu yoyote utakayoiweka hapo itatoa sauti nyembamba upande mmoja.

Chungulia kwenye tundu la f (lile lenye umbo la herufi hiyo) upande wa uzi wa G kwa tochi ya simu. Utaona kijiti kimesimama kati ya ubao wa mbele na wa nyuma, karibu na mguu wa daraja. Hiyo ndiyo nguzo ya sauti. Haijagundishwa; inashikwa na mgandamizo wa nyuzi tu. Nyuzi nne kwa pamoja zinavuta zaidi ya kilo 100, na ukizilegeza zote kwa mpigo nguzo inaanguka, halafu ubao wa mbele unaweza kubonyea ukijaribu kukaza tena bila nguzo. Legeza uzi mmoja mmoja tu. Kama kazi inakulazimu kutoa daraja lote, chora kwanza kwa penseli laini kuzunguka miguu yake, na besi ibaki imelala muda wote.

Halafu majira. Mbeya na Njombe, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi hewa inakauka na mbao zinasinyaa. Ubao wa mbele unashuka kidogo, nyuzi zinakaribia shingo, na mwanya wa bawa la daraja (ule wa pembeni) ambao masika ulikuwa umebana pikapu vizuri unaweza kulegea. Tukuyu na kule bondeni unyevu unafanya kinyume. Ukifunga pikapu mwezi wa pili, ipitie tena mwezi wa saba. Nilikaa wiki nzima nikitafuta waya uliokatika kumbe kilikuwa kizibo cha kubana pikapu kimelegea.

Wapi pa kuweka pikapu

Pikapu tunazozungumzia ni za piezo: kipande cha kauri ambacho kikibanwa au kikitikiswa kinatoa umeme. Jambo hilo lilionyeshwa na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880, wakitumia fuwele. Pikapu ya sumaku ya gitaa inataka nyuzi za chuma na inaisikia nyuzi tu. Piezo inasikia mbao, ndiyo maana inatufaa.

Kuna nafasi nne. Mabawa ya daraja, yaani ile mianya miwili ya pembeni: pikapu kama K&K Bass Max au Underwood zinachomekwa hapo. Chini ya mguu wa daraja: Realist iko hivyo, bati jembamba linalolaliwa na mguu wa upande wa E. Ndani ya skrubu ya kurekebisha urefu wa daraja: Fishman Full Circle, ambayo inahitaji daraja lililokwisha kukatwa na kuwekewa skrubu, na fundi mwenye mkono mtulivu. Na mwisho, kubandika juu ya ubao wenyewe.

Mimi ni mtu wa bawa. Mguu wa daraja unatoa sauti nene, nzuri kwa wapiga upinde, lakini inanguruma haraka ukumbi ukiwa na kelele, kwa sababu inasikia sana ule ubao wa mbele. Ubaoni ndiyo mbaya zaidi kwa kunguruma. Bawa linasikia uzi na daraja kwanza, mbao baadaye, kwa hiyo unaweza kupandisha sauti zaidi kabla haijaanza vurugu. Kasoro yake ni ukavu, na ukavu huo utatibiwa na maiki ya ndani.

Kabla ya kufunga moja kwa moja, jaribu kwa nta ya nyuki. Ile ya Mufindi inayouzwa kwa vipande ni nzuri kabisa. Kata donge la ukubwa wa punje ya harage, lifinyange kwa vidole mpaka lilainike (asubuhi ya baridi utalifinyanga sana), lipapase liwe utando mwembamba kama karatasi ya daftari, kisha ubandike pikapu darajani sehemu mbalimbali huku mwenzako akidonoa. Nta ikiwa nene inameza sauti za juu. Sogeza sentimita moja, sikiliza, sogeza tena. Nusu saa ya hivyo itakufundisha daraja lako kuliko maelezo yangu. Usitumie supa gluu. Haitoki, na ikitoka inatoka na mbao.

Ukishachagua bawa: pima mwanya kwa kuingiza vipande vya karatasi ngumu mpaka vikae bila kusukuma. Pikapu iingie kwa kusukumwa na kidole gumba tu. Ikiwa huru, kata kipande cha kizibo cha chupa ya mvinyo, ukisugue kwa msasa mpaka kiwe chembamba, ukiweke upande mmoja. Ikiwa ngumu, usiipige wala kuilazimisha, kwa kuwa bawa la daraja ni jembamba na linavunjika likitoa mlio ambao hutausahau. Sugua kizibo, usisugue daraja. Waya uteremshe kando ya daraja, uufunge kwenye kishikio cha nyuzi kwa uzi au mpira, ukiacha kitanzi kidogo ili ukivutwa kwa bahati mbaya uvutike uzi na si pikapu.

Kama mfuko hauruhusu

Vile visahani vya shaba vyenye kauri nyeupe katikati, vinavyopatikana ndani ya kengele za mlango, saa za mezani na ving'ora vya pikipiki, ni piezo halali. Mafundi wengi wanavyo kwenye kopo. Chukua cha milimita 20 au 27. Upande wa kauri unachomelewa waya wa katikati, sahani ya shaba inachukua waya wa nje, ule uliosukwa kama wavu. Tumia waya wa maiki wenye ganda la shaba, sio waya wa spika. Risasi iyeyuke na ncha iondoke ndani ya sekunde mbili. Ukikaa hapo, ile rangi ya fedha juu ya kauri inabanduka na kisahani kimekufa.

Kifunge chote kwa selotepu, kisha kifunike kwa karatasi ya aluminiamu ya jikoni inayogusana na waya wa nje, halafu selotepu tena. Bila kifuniko hicho kila tubelaiti ya ukumbi itaimba kupitia besi yako. Kibandike kwa nta kwenye uso wa daraja, chini kidogo ya bawa. Usikiweke chini ya mguu wa daraja. Uzito wa nyuzi utakipasua, na kauri iliyopasuka inatoa mchakacho usioisha.

Nimepiga na kisahani cha namna hii mwaka mzima. Hakuna aliyelalamika baada ya kutatua hiki kinachofuata.

Gunia la viazi

Piezo ni kama mtu mwenye sauti nzuri na mikono dhaifu. Inatoa volti za kutosha lakini haiwezi kusukuma mkondo. Ukiichomeka kwenye tundu lenye ukinzani mdogo, sauti za chini ndizo zinazokufa kwanza. Na unaweza kukadiria zitakufa kuanzia wapi. Muulize fundi akupimie pikapu kwa mita yenye kipimo cha nanofaradi (uwezo wa kuhifadhi chaji). Kisha chukua 159, ugawanye kwa jibu la nanofaradi mara mega-omu (kipimo cha ukinzani) za tundu unalochomeka. Jibu ni hezi. Chini ya hapo besi inaporomoka.

Kisahani cha milimita 27 kina nanofaradi 20 hivi. Tundu la laini (line) la miksa lina kilo-omu 10 hivi, yaani mega-omu 0.01. Mara 20 ni 0.2. Gawanya 159 kwa 0.2, unapata karibu hezi 800. Besi nzima iko chini ya hapo! Nyuzi zako zote wazi zimekatwa, kimebaki kidole kikigonga ubao. Hilo ndilo debe la Uyole. Tundu la maiki ni baya zaidi kwa kuwa lina kilo-omu chache tu. Sanduku la DI la kawaida (kisanduku cha kuunganisha ala na miksa), lile lisilotumia umeme, lina kilo-omu mia moja na kitu: kwa kisahani kikubwa unafika hezi 80 au chini kidogo, inavumilika. Lakini tuseme pikapu yako ni ndogo, ya nanofaradi 2. Sanduku lilelile linakurudisha hezi mia kadhaa, na hata tundu la gitaa la mega-omu 1 linakufikisha 80 tu. Inahitaji mega-omu 10, ndipo ushuke mpaka 8, na hapo E yako iko salama.

Kwa hiyo: kama una hela, nunua kikuza sauti cha awali (priampu) au DI ya umeme iliyoandikwa mega-omu 10, au walau 1 kwa kisahani kikubwa. Kama huna, mpelekee fundi redio maelezo haya.

IC ya TL071, yenye miguu minane. Betri ya volti 9: chanya mguu wa 7, hasi mguu wa 4. Unganisha mguu wa 2 na wa 6. Tengeneza nusu ya volti kwa rizista mbili za kilo-omu 100 zilizofuatana kutoka chanya kwenda hasi, na kapasita ya maikrofaradi 10 kutoka katikati yake kwenda hasi. Kutoka hapo katikati peleka rizista ya mega-omu 10 mpaka mguu wa 3. Pikapu inaingia mguu wa 3 kupitia kapasita ya nanofaradi 100, na waya wake wa nje unakwenda hasi. Sauti inatoka mguu wa 6 kupitia kapasita ya maikrofaradi 10, upande wake wa chanya ukitazama IC, halafu rizista ya omu 470, halafu jeki. Baada ya kapasita hiyo weka pia kilo-omu 100 kwenda hasi ili isipige "pwaa" ukichomeka. Miguu ya 1, 5 na 8 iache.

Rizista ya mega-omu 10 huenda fundi asiwe nayo. Aunge za mega-omu 1 kumi kwa mfuatano. Yangu iko hivyo, inaonekana kama tandu, inafanya kazi. Sanduku liwe la chuma. Kopo la peremende linatosha, mradi liunganishwe na hasi.

Sanduku likae kwenye besi yenyewe, limefungwa kwenye kishikio cha nyuzi au mguu wa chini. Waya kutoka pikapu hadi sandukuni uwe mfupi na usining'inie, kwa sababu kwenye ukinzani mkubwa namna hii hata waya ukijisugua kwenye koti unasikika. Baada ya sanduku waya unaweza kwenda mita kumi bila shida.

Kuna watakaosoma hadi hapa na kuridhika. Kwa kucheza rumba na nyimbo za kwaya zenye vyombo vingi, pikapu ya bawa na sanduku hili vinatosha. Maiki inakuja pale unapotaka watu wasikie kwamba ni mbao.

Maiki ya tumboni

Nje ya besi maiki inasikia besi, ngoma, tarumbeta, na mtoto anayelia safu ya nyuma. Ndani inasikia besi zaidi, na vingine kwa mbali. Gharama yake ni kwamba tumboni kuna mwangwi wa sanduku. Besi ina tumbo la urefu wa mita 1.1 hivi, kwa hiyo sauti inayokwenda na kurudi humo inajikusanya karibu na hezi 155, na unaisikia kama mtu anaongea ndani ya pipa. Ila mkusanyiko huo una nguvu kwenye ncha mbili, juu na chini, na unafifia katikati ya urefu. Kwa hiyo maiki ikae katikati, usawa wa matundu ya f au juu yake kidogo, na katikati pia ya ubao wa mbele na wa nyuma. Ikigusa mbao popote, umeharibu.

Maiki yenyewe ni ile ndogo ya kubana shatini. Angalia jeki yake. Zile za simu, zenye pete tatu, zinahitaji umeme mdogo wa simu. Ukizipeleka kwenye miksa kwa kibadilishio kisicho sahihi na mtu akabonyeza kitufe cha volti 48, unaweza kuiua papo hapo. Nunua yenye kisanduku chake cha betri au yenye kibadilishio kilichotengenezwa kwa ajili ya volti 48. Fundi pia anaweza kutumia kile kidude cha maiki cha milimita 10: rizista ya kilo-omu 4.7 kutoka volti 9 kwenda mguu wa chanya, sauti itoke hapohapo kupitia kapasita ya maikrofaradi 10. Mguu uliogusana na kopo lake ndio hasi.

Kuifunga ndani: tafuta lastiki ya kushonea nguo, nyembamba, mita moja na nusu. Kata sponji la godoro ukubwa wa yai la kienyeji, litoboe, uipenyeze maiki katikati. Fuma lastiki kwenye sponji. Sasa chukua hanga ya waya, inyooshe, ncha yake izungushie kitambaa ili isikwangue, uivushe kutoka tundu moja la f hadi la pili. Kumbuka nguzo ya sauti iko humo; pita juu yake kuelekea shingoni, polepole, tochi ikiwa inawaka. Ivute lastiki, ingiza sponji kwa kulibana, kisha funga ncha mbili za lastiki kwa nje, kila moja kwenye kipande cha kizibo kilichokaa kwenye tundu lake. Maiki sasa inaning'inia hewani kama kitanda cha kamba. Ivute kidogo kulia au kushoto ukisikiliza. Waya utoke tundu la upande wa E, ufungwe kwenye kishikio kama ule wa pikapu.

Asiye na maiki ndogo afanye walivyofanya wapiga besi wengi kabla yake: maiki ya kawaida ya kuimbia, ifungwe sponji vizuri, ibanwe chini ya kishikio cha nyuzi ikitazama daraja. Inasikia mengi ya nje, lakini kwenye ukumbi mtulivu ni tamu, na haihitaji hanga.

Kuvioanisha

Chukua chaneli mbili, usichanganye kabla ya miksa. Vitufe vyote vya sauti viwe katikati.

Panda na pikapu peke yake kwanza. Ikifika pazuri, ongeza maiki taratibu huku ukidonoa A wazi. Kama besi inakonda badala ya kunenepa, viwili hivi vinavutana, mmoja anakwenda mbele mwingine nyuma. Bonyeza kitufe cha kugeuza fezi kwenye chaneli ya maiki. Miksa nyingi ndogo hazina kitufe hicho. Tengeneza waya mmoja wa XLR (ule wa maiki wa pini tatu) wenye pini ya 2 na ya 3 zilizobadilishana upande mmoja, utie alama ya selotepu nyekundu, uutumie mahali sauti inapotoka kwenye DI.

Kisha gawa kazi. Chini ni kwa pikapu, mbao ni kwa maiki. Bonyeza lokati ya maiki, kile kitufe cha kukata sauti za chini, daima. Kwenye miksa nyingi iko hezi 80 au 100, na kama una ya kuzungusha, ipandishe hata 150. Punguza kidogo eneo la 150 hadi 250 ili uondoe lile pipa. Lokati ya pikapu iache wazi mpaka besi ianze kunguruma. Spika zikiwa ndogo ibonyeze tu, hutapoteza ulichokuwa unakisikia.

Pandisha maiki mpaka uanze kusikia mlio unaochelewa kufa baada ya noti. Rudisha nyuma kidogo. Kwangu mara nyingi inabaki robo tu ya sauti yote, na ukiizima kila mtu anageuka kutazama.

Ukumbini

Usisimame mbele ya spika. Tumbo la besi ni ngoma, na spika ikilipiga, linaipiga pikapu, nayo inaipiga spika. Simama nyuma ya mstari wa spika, ubavu wa besi ukitazama monita (spika yako ya kujisikilizia) badala ya matundu ya f. Monita ikipandishwa juu ya kiti, usawa wa sikio, utaihitaji kwa sauti ndogo zaidi. Kunguruma kukizidi, watu hujaza sponji kwenye matundu ya f. Inasaidia sana, lakini maiki ya ndani itasikika kama imefungiwa kabatini. Chagua kimoja: sponji au maiki.

Masika ya Rungwe yana jambo lake. Chini ya bati, mvua ikishuka ile ya kweli, maiki ya nje inakuwa maiki ya mvua. Ya tumboni inahimili kwa muda, baadaye nayo inasalimu amri. Ishushe hadi sifuri, baki na pikapu, na upunguze sauti za juu. Jenereta likiwaka nyuma ya ukumbi na ukasikia mvumo usiobadilika, shika nyuzi au gusa jeki. Mvumo ukipungua, tatizo ni kifuniko cha pikapu au ethi (waya wa ardhini) ya ukumbi. Sanduku la betri linakuokoa nusu, DI yenye kitufe cha kutenganisha ethi nusu nyingine.

Kwa safari ya Iringa au Makambako, toa betri kabla ya kufunga begi, maana jeki iliyosahaulika inaimaliza njiani. Ilegeze lastiki ya maiki ili sponji likae chini ya tumbo lisipigwe piga na matuta. Pikapu ya bawa iache mahali pake. Hali ya hewa inabadilika njiani, kwa hiyo ipe besi saa moja nje ya begi kabla ya kutyuni, na bonyeza kizibo cha bawa kwa kidole gumba uone kama bado kimebana.